Mtaimbo wa Makoye

Makoye aligonga dari ya mgodi kwa mtaimbo. Mwamba mzima hulia kama kengele. Uliopasuka ndani hulia kama ngoma. Nyuma yake meneja mpya alikuwa na chaki mkononi, ya kutia alama palipo salama. Makoye akisema dari iko salama, kazi iliyosimama kwa miaka mingi inaanza tena.

Meneja hakujua kwamba mashine za kuchoronga zilishayamaliza masikio ya Makoye. Aliyekuwa akisikiliza ni rafiki yake Ndaki, aliyesimama pembeni na kuinamisha kichwa kila mwamba ulipolia vizuri.

Kengele iliendelea hadi kwenye kona. Hapo ikalia ngoma.

Ndaki aliwafikiria watu wanaongoja kazi nje, wengine wameshavaa mabuti. Akainamisha kichwa.

Makoye aliubandika mkono wake kwenye mwamba, akamtazama rafiki yake usoni.

"Vipi, Mzee Makoye?" meneja aliuliza, chaki ikiwa juu.

Makoye alisogea kando.

"Ndaki, ndugu yangu, hebu njoo usimame hapa nilipokuwa, nigonge tena."

Mtaimbo ulikuwa umeshainuka. Ndaki akamulika dari ya kona, akarudi nyuma hatua moja.