Machela ya Wodi ya Wazazi

Dakta Mwinshehe, mganga mkuu, aliingia wodi ya wazazi kafura kama mbogo, mkononi barua ya kumsimamisha kazi muuguzi bingwa Salome.

"Nani kakuruhusu kuwachoma kina mama sindano ya kuzuia damu kabla mimi sijafika?"

"Damu haimsubiri mtu, Daktari."

Mwinshehe alipogeuka kumkemea, macho yakaangukia machela ya maiti. Juu yake zimeanikwa nepi za watoto, zinachuruzika maji.

"Mna wazimu? Mzazi akifa mtambeba juu ya nini?"

"Tangu nianze kuwachoma, miezi minne sasa, hatujambeba hata mmoja."

Mkono wa Mwinshehe wenye barua ukateremka hadi juu ya nepi. Maji yakaanza kula wino, naye hakuuinua.