Mstari wa Pili

"Wazungu wamefutiwa kura!" Shemeji yake Benadetha, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa pamba, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Asubuhi ile ya uchaguzi wa chama, redio ilitangaza kuwa mahakama ya Romania imefuta matokeo ya uchaguzi wa rais. "Sisi hapa hatuna siri. Mgombea anasimama, watu wanapanga mstari nyuma yake. Mstari nani ataufuta?"

Wanachama wakacheka naye, kisha wakajipanga nyuma yake. Mstari ukapinda hadi kwenye ghala.

Nyuma ya mpinzani hapakuwa na mtu. Waliosimama upande ule uchaguzi uliopita, pamba yao ilipimwa mwisho, ikiwa imeshanyeshewa. Hakuna aliyesahau.

Benadetha, katikati ya mstari mrefu, aliwawaza Waromania. Kura yao imefutwa, sawa, lakini angalau waliipiga. Yeye je?

Akatoka.

Akasimama nyuma ya mpinzani, macho yake kwenye kola ya shati la mgombea huyo, ambako uzi wa pamba ulikuwa umenasa. Kila Benadetha alipopumua, ulitikisika.

"Shemeji, umepotea njia?" mwenyekiti akauliza. Safari hii hakucheka.

Nyuma ya Benadetha fimbo ilikuwa ikigonga ardhi taratibu, ikisogea, hadi ikatua karibu na kisigino chake. Akageuka. Alikuwa mama mkwe wake, aliyemzaa mwenyekiti.

"Sogea mbele kidogo, mayu," bibi akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Na sisi tupate pa kusimama."