Mafuta Yalipofurika

"Sukuma mpaka chini kabisa," dada yake alimwambia Ivano. "Nione nafasi iliyobaki, kihisio nitakachokiweka hapa kisije kikavunjika ukifunga breki."

Dada alishatoa springi na kuacha kifuniko cha shokapu ya mbele wazi. Ivano akaegemea usukani wa pikipiki yake ya mashindano, akasukuma bila hamu. Tangu aanguke kwenye kona ya uwanja wa mbio wa Misano, baa nzima ya mtaani kwao ilisema ameingiwa na woga, naye alishaanza kuamini. Kihisio kitapima shokapu inavyobonyea, na kila mtu ataona alivyofunga breki kwa woga.

Shokapu ilikuwa haijafika mwisho mafuta yalipopanda, yakafurika, yakamchuruzika dada yake vidoleni.

Dada akajifuta vidole kwa kitambaa.

"Nani alikujazia haya?"

"Yule fundi wa kabla yako."

"Kajaza kama anajaza pipa. Ukishafunga kifuniko hayana pa kwenda. Shokapu inakuwa gogo, tairi linateleza. Hata bingwa wa dunia angelala chini pale Misano."

Ivano akayatazama mafuta yakidondoka sakafuni. Mabega yake yakashuka taratibu.

"Dada," akasema, "ile chapati ya piadina uliyoniletea asubuhi, bado ipo?"

"Nimeshaila. Si ulisema huna njaa?"