Nywele za Bi Mwanahawa

Siku hizi, Tanga nzima, hakuna bi harusi anayetoka na nywele zake. Hutoka na za bibi yake, zilizooteshwa upya.

Za Mwanaidi aliziotesha mama yake mwenyewe, Zamda, na wala hakuficha majivuno. Wengine hupeleka maabara. Yeye alichomoa nywele chache kisogoni kwa mama yake mzazi, Bi Mwanahawa, akazitenga seli za mizizi chini ya darubini, akazilea kwenye kabati la joto kando ya friji. Kila alfajiri alizibadilishia maji ya lishe kabla hata hajabandika chai. Kukaanga samaki alikupiga marufuku, moshi usije ukazidhuru. Zilipopandikizwa zikaota nyeusi, nzito, zenye mawimbi yale yale ya Bi Mwanahawa alipokuwa mwari.

Leo ukumbini vigelegele havikatiki.

"Zamda, una mkono wewe!" mashoga zake walimwambia, naye akacheka mpaka mtandio ukamteleza.

Bi Mwanahawa alipitisha vidole kwenye nywele za mjukuu wake, machozi yakimlengalenga. "Ndizo zangu hasa, mwanangu. Umeniheshimu." Kisha akamuuliza Zamda, kwa upole tu, "Na zake mwenyewe Mwanaidi umezihifadhi wapi? Wajukuu zake nao wataolewa."

Zamda aliikumbuka siku walipoziondoa nywele za Mwanaidi kupisha za bibi. Zilikuwa zimelala sakafuni, na mizizi yake, naye akiwahi kuzilisha seli za mama yake, akachukua ufagio.

"Zipo, mama," alisema, akapiga kigelegele cha nguvu kuliko wote.