Kutu ya Bi Zamoyo

Mtaa wetu mzima unawashwa na kutu. Bati lililoota kutu huzamishwa kwenye mtungi wa maji ya dawa, kutu inanyonya jua mchana kutwa, mtungi unalihifadhi, na jioni taa zinawaka. Kutu ikikomaa, inavuta zaidi. Hayo nilifundishwa shuleni, ila bati lenyewe sikuwahi kuliona, kwa kuwa kwetu mtungi ulikuwa juu ya paa.

Asubuhi yangu ya kwanza ukweni niliamka kabla ya wote, nisije nikaitwa mvivu. Nikaosha vyombo, nikafagia uwanja, na pembeni nikakuta bati chafu limelowekwa. Nani kalisahau hili? Nikalisugua kwa jivu na kumbi la nazi mpaka nikajiona uso.

Mama mkwe, Bi Zamoyo, akatoka na mswaki mdomoni.

"Mize! Kutu ya marehemu baba mkwe wako iko wapi?"

"Nilidhani uchafu, mama."

"Uchafu! Kailea tangu ujana wake! Si ungemsugua na yeye kaburini?"

Jioni tulikula gizani. Kesho yake fundi akaja, akalitazama bati, akaguna. Alisema kutu mpya inataka kuanzishwa kwa chuma laini, kama kile kilichomo kwenye damu ya mtu.

Tangu hapo Bi Zamoyo ananipenda ajabu. Ananipikia maini na mchicha kila mlo, na mashoga zangu wananionea wivu.

"Kula, mwanangu, ushibe," ananiambia, huku akinipapasa mkono kutafuta mshipa.