Kijiko cha Mwonja Chai

Meneja wa kiwanda cha chai alisimama nyuma ya Mwasumbi, karibu kumpumulia shingoni. Upande wa pili wa meza, Bi Nyanjura, afisa wa kodi, alimsogezea kikombe cha chai ya kiwanda.

"Baba, kwenye hati umesaini kwamba hii ni chai ya daraja la mwisho," alisema. "Ndivyo mlivyoiuzia kampuni dada yenu ng'ambo, kwa bei ya kutupa, na hapa kwetu ikaonekana hakuna faida ya kutozwa kodi. Wewe ndiye mwonjaji. Onja uniambie."

Mwasumbi akachota kijiko, akaifyonza kwa sauti. Ulimi ukaitambua papo hapo: daraja la kwanza.

"Mzee wetu huyu," meneja alisema kwa upole, "hata nyumba anayolala na wajukuu wake ni yetu."

Ndoo ya kutemea ilikuwa miguuni pake. Kwa miaka ishirini alionja, akatema, ndipo akatamka, hakuwahi kumeza. Sasa chai ilimpoa mdomoni, mashavu yakaanza kumuuma.

"Nakusubiri, baba," alisema Bi Nyanjura, kalamu mkononi.

Mwasumbi akameza, na jibu lake likashuka pamoja na chai. Akakilaza kijiko ndani ya kikombe, akakisukuma kikombe kirudi kwa Bi Nyanjura.