Sabuni Kisimani

Tangu washuke botini, dalali alikuwa akikisifu kisiwa bila kupumua: upepo, majirani, hata ukimya. Mji wa pwani, ng'ambo, haukuwa na wa kuusifu. Ulikuwa na joto na kelele zake tu, na nyumba nyingine iliyongoja jibu lao.

"Na maji ya kisima hiki, mama, matamu!"

Mwanakheri alifungua pindo la leso, akatoa kipande cha sabuni. Mamake alimfunza hivyo: ukitaka kuhamia nyumba usimuulize mwenyewe, iulize sabuni, kwani maji ya chumvi hayatoi povu. Akachota kata moja kwenye ndoo iliyojaa kando ya kisima, akafikicha. Povu likamfunika viganja.

"Mke wangu, tuhamie huku," akasema Shali, mumewe, uso umemkunjuka.

Mwanakheri akaishika kamba ya kisima. Ilikuwa kavu, na buibui alikwisha kuishona na ukingo kwa utando wake.

Akaimwaga ndoo yote mchangani, akamkabidhi dalali.

"Nichotee nyingine, baba."

Dalali akaipokea, akaangalia saa.

"Boti haingoji mtu, mama."